Maji ya Rejeta

Huko Mombasa, kwenye kichochoro cha mafundi nyuma ya gereji za malori, Mahmudi Fumo anajulikana kuwa fundi rejeta na basi. Mpelekee rejeta inayovuja, ataigeuza, ataipuliza, ataiziba, na atakurudishia bila maneno mengi. Wateja wake hawajui kwamba aliwahi kuendesha tingatinga. Wala hawajui kwa nini siku moja, mteja alipomletea mpira wa rejeta uliopakwa mafuta ya papa, aliuweka chini taratibu, akaenda kunawa mikono, akafunga kazi na jua bado changa. Mteja yule akaenda akilalamika kwamba fundi ana maringo. Mimi najua kisa chake, na kwa kuwa mwenyewe hasemi, nitasema mimi.

Alizaliwa kisiwa cha Chovae, katika visiwa vya Wabajuni upande wa Somalia, kwa Fumo fundi wa vyombo. Mzee Fumo sifa yake kubwa ilikuwa kalafati, ile kazi ya kushindilia pamba iliyolowa mafuta ya papa baina ya mbao, ili chombo kikishuka majini kisivuje. Mahmudi alifundishwa kazi hiyo angali mdogo, akaijua vizuri. Kilichomshinda ni bahari yenyewe. Safari fupi tu ya kutoka Chovae kwenda kisiwa jirani cha Kudhaa ilitosha kumlaza chali, anatapika mpaka machozi yanamtoka. Jamaa zake walimcheka hadi wakachoka. Walimwita Mbajuni wa nchi kavu, wakamwambia mama yake alimwokota bara, akamleta kisiwani ndani ya kikapu.

Basi akahamia Kismayo, akapata kazi bandarini. Alianza kwa kuosha mitambo, akaja kuwa utingo, na mwisho akakabidhiwa tingatinga la kusukumia mchanga uliokuwa ukifunika barabara kila upepo ukivuma. Alilipenda kuliko kawaida. Alilipangusa kila jioni, na akiulizwa na watu wa kisiwani kama hamu ya bahari imemtoka, alijibu, "Chombo changu hiki hakiyumbi." Akaoa, mkewe Kuluthumu, wakapata binti, Rawda. Mzee Fumo alipofariki, mama yake Mahmudi, Bibi Barke, akahamia kwao na kasha la vifaa vya marehemu: patasi butu za kalafati, nyundo ya mti na kopo la mafuta ya papa. Nyumba nzima ikanuka. Kuluthumu akasema kwa mzaha kwamba hata paka wa jirani sasa wanakuja kusalimia. Bibi Barke alicheka, lakini kopo halikutolewa nje. "Hiyo ni harufu ya mume wangu," alisema. "Mwenye pua yake na aizibe."

Kisha vita vikaingia mji wa Kismayo, vikawa haviishi. Kundi moja lililifukuza jingine, la tatu likaja kuyafukuza yote mawili, na kila lililoingia lilianza upya kuvunja milango. Yalipigana kwa kila jambo, ila kwa jambo moja yalikubaliana: Mbajuni hana bunduki, na hana ukoo wa kumlipia kisasi. Kwa hiyo aliyetaka kitu alikwenda kwa Mbajuni. Mashua zikachukuliwa, injini zikang'olewa. Waliowahi kukimbia kwa bahari walikimbia wamejazana. Waliobaki walikaa majumbani wakisikiliza nyayo za watu barabarani, roho mkononi.

Malori ya bandari yote yalichukuliwa. Siku moja wenye bunduki wakalijia na tingatinga. Waliliwasha, likatembea, na kabla halijafika langoni likachemka, mvuke ukatoka kila upande. Mpira wa juu wa rejeta ulikuwa na ufa wa siku nyingi, na Mahmudi alikuwa akilibembeleza kwa kuongeza maji kila mara. Hawa hawakuwa watu wa kubembeleza. Mmoja wao, kwa hasira, akaipiga rejeta risasi, wote wakacheka, wakaondoka zao. Tingatinga likabaki pale pale, maji yakilitoka kama mtu anayelia.

Hapo ndipo Mahmudi alipopata wazo lake. Lori zima lingeporwa siku hiyo hiyo. Lakini tingatinga bovu, lenye mwendo wa mtu anayetoka sokoni na mzigo kichwani, nani alitake? Pale bandarini palikuwa na tela la kubebea mawe, na katika banda palikuwa na mapipa ya dizeli yaliyofichwa chini ya nyavu kuukuu. Akilitengeneza, angeweza kuwavuta watu mpaka mpakani mwa Kenya. Mama yake magoti yalikuwa yamekwisha, asingeweza kutembea hata nusu ya njia hiyo. Ama tingatinga litengenezwe, ama Bibi Barke abaki Kismayo peke yake. Na kumwacha hakukuwamo katika hesabu.

Alifanya kazi hiyo mwenyewe, maana mafundi wenzake wote walikuwa wamekimbia. Alifungua wavu wa mbele, akaitoa rejeta, akailaza juu ya magunia. Risasi ilikuwa imepita pembeni, ikakata mirija michache midogo. Alikata ncha zilizopasuka, akazikunja kwa koleo, akachochea mkaa, akatia chuma motoni mpaka kikawa chekundu, akaiziba kila ncha kwa risasi laini ya kulehemia aliyoipata kwa fundi wa masufuria. Rejeta itapoza kidogo kuliko kwanza, alijisemea, lakini itapoza. Akakaza mkanda wa feni. Akaitikisa pampu ya maji kwa mkono, akaona haichezi. Kazi hiyo yote aliifanya sawasawa, na nataka hilo lijulikane.

Akabaki na ule mpira wenye ufa. Mpira mpya haukupatikana mji mzima, maduka yote yalikuwa matupu hadi rafu. Aliugeuzageuza mkononi huku Bibi Barke ameketi juu ya debe akimtazama.

"Mwanangu," alisema bibi, "babako kazuia bahari nzima kwa pamba. Nawe mai ya ndoo mbili yakushinde?"

Mahmudi akacheka, mara yake ya kwanza baada ya siku nyingi. Likaletwa kasha, likaletwa kopo. Akalowesha pamba katika mafuta ya papa, akaishindilia ndani ya ufa kwa patasi ya baba yake, taratibu, kama alivyofundishwa, kisha akauviringa mpira wote kwa uzi wa nyavu uliolowa mafuta yale yale. Mama yake alikuwa akimwelekeza, pale pamelegea, hapa ongeza. Alipowasha injini na kuiacha ingurume, halikudondoka hata tone moja. Bibi Barke akapiga kigelegele kidogo, kwa sauti ya chini ili wasisikike nje. Mahmudi alihisi baba yake yupo pale, na moyo ukamjaa.

Hakulifikiria jambo moja, na nani angelifikiria miongoni mwa watu wa visiwa vile? Mbao huyapenda mafuta ya papa. Huyanywa, huvimba, hushikana. Mpira nao huyanywa na huvimba, ila wenyewe huoza.

Waliondoka baada ya sala ya alfajiri. Telani walipanda wazee, wajawazito na watoto. Wenye miguu walitembea kando, na kwa mwendo ule hawakuachwa. Alikuwamo Nasrudin mwoka mikate ya mofa, jirani yao, mtu wa maneno mengi, na mkewe mjamzito. Alikuwamo Mwalimu Abdulhamid, aliyekuwa akisomesha watoto Kurani. Walichukua madumu ya maji, mapipa ya dizeli na kile kidogo ambacho hakikuporwa. Njiani wenye bunduki waliwapita na magari yao, wakawanyang'anya mchele na saa, wakalitazama tingatinga, wakaangua kicheko. Acha wacheke, Mahmudi alisema moyoni.

Walikwepa njia ya pwani, kwa sababu vijiji vya pwani vilikuwa mikononi mwa watu wale wale. Walishika njia ya ndani, ya mchanga na vichaka vya miiba, visima viko mbali mbali na vingine vimefukiwa. Kila waliposimama, Bibi Barke alichungulia kutoka telani.

"Kalafati yashika?"

"Yashika, mama."

"Nao wasema wewe si Mbajuni," bibi humjibu, na watu telani hucheka.

Ilikuwa katikati ya njia, jua la kaskazi limesimama utosini, walipousikia mlio. Maji ya moto yaliruka juu, mvuke ukamfunika Mahmudi kitini. Alizima injini akashuka mbio, lakini rejeta ilikuwa imekwisha kumwaga karibu maji yote, na mchanga umeyanywa. Aliusubiri mpira upoe, akaufungua uzi. Mpira ulikuwa umevimba, umekuwa laini kama ini, ukiubonyeza kidole kinazama. Pale alipopaka mafuta palioza. Pale mafuta hayakufika palikuwa pazima kabisa. Angeuacha na ufa wake, angeufunga kwa kitambaa kikavu, ungewafikisha. Alisimama ameushika mpira ule, uso umemshuka.

"Kumeharibika nini?" Bibi Barke aliuliza kutoka telani.

"Uzee wa mpira, mama."

"Kalafati je? Haina makosa?"

Mahmudi aliuficha mpira nyuma ya mgongo. "Haina makosa."

Safari hii hakutafuta kasha. Aliukata mpira, akatupa sehemu yote iliyooza, akabaki na vipande viwili vizima ambavyo havifikiani. Akaomba mkebe wa maziwa ya unga, akautoboa pande zote mbili ukawa bomba, akauchomeka katikati, kipande hiki huku na kile kule. Akakata mpira wa ndani wa gurudumu la akiba la tela ukawa mikanda, akauviringa juu ya mkebe, mkavu, bila tone la mafuta, akauvuta mpaka vidole vikamtoka malengelenge, akaukaza kwa waya. Akalegeza na kifuniko cha rejeta, ili mvuke upate pa kutokea usije ukaufumua mkebe. Ilikuwa kazi nzuri. Nasrudin mwenyewe aliisifu.

Lakini rejeta ilikuwa tupu, na rejeta ya tingatinga si birika. Bahari ilikuwa mbali, upande wa mashariki, nyuma ya vichaka na mikoko, na huko ndiko walikokuwa wenye bunduki. Siku ile hata maji ya chumvi yangemfaa, asingeyakataa. Maji yaliyokuwepo ni ya madumu, ya kunywa.

Mahmudi alipolisema hilo, Nasrudin alimrukia.

"Chuma kinywe, wachu wafe? Mahmudi, una akili? Mke wangu ana mimba!"

"Nami nina mwana mle telani, ndugu yangu."

"Basi mwende na mwanao kwa miguu!"

"Na wasioweza kwenda?" aliuliza Mahmudi. Nasrudin akageuka akamtazama mkewe telani. Watu wakaanza kugombana. Mmoja aliyakumbatia madumu yake akasema hayatoi labda auawe kwanza.

Bibi Barke akagonga ubavu wa tela kwa kiganja mpaka wakamsikiliza. "Chombo kisipokwenda, mai haya tutayanywa hapa hapa tumekaa," alisema, "na yakisha tutakuwa tumekaa vivi hivi. Mwanangu, tia. Anza na dumu langu."

Mahmudi akalitia dumu lake la kwanza. Madumu yakamiminwa moja baada ya jingine, na watu waliyatazama yakiingia kama wanaotazama kaburi likifukiwa. Likabakizwa dumu moja la watoto na wajawazito, na jingine la wazee na wenye miguu, kikombe kimoja kimoja kwa siku, basi. Kisima kilichofuata ndicho kilichokuwa tegemeo lao, nacho walikikuta kimefukiwa kwa mawe. Wakaendelea. Mkebe ulishika, waya ulishika. Mahmudi hakuthubutu kushuka kitini ila kutazama rejeta. Kila walipogawa maji alitazama nyuma, akamwona mama yake ameinua kikombe mdomoni, akageuka mbele ametulia.

Lililokuwa likitokea kikombe kikishuka hakuliona. Bibi Barke alikuwa akiilowesha midomo tu, kisha anampa Rawda yaliyobaki, chini ya mtandio wa ukaya wake. Kuluthumu, aliyekuwa akitembea kando ya tela, aliona. Alitaka kupiga kelele, lakini mama mkwe wake alimkazia macho, akamwambia kwa sauti ya chini, "Ukimwambia atasimama. Akisimama, huyu mwana hafiki." Kuluthumu akanyamaza. Mpaka leo haamini kama alifanya vyema kunyamaza, na hakuna wa kumhukumu.

Walifika mpakani asubuhi, siku ya tatu tangu mpira upasuke. Walikuta maelfu ya watu chini ya miiba, kila kivuli na wenyewe, na neno la kwanza waliloambiwa ni kwamba gari la maji halijaja, wala hakuna ajuaye litakuja lini. Hata hivyo Mahmudi alizima injini na kushusha pumzi ndefu. Amewavusha. Wote aliowachukua Kismayo amewaleta, na tingatinga lililochekwa ndilo lililowaleta. Alishuka, akaenda nyuma kwenye tela.

"Mama, tumefika."

Bibi Barke alikuwa ameegemea ubao wa tela, kichwa cha Rawda mapajani mwake. Rawda alikuwa amelala, anapumua vizuri. Bibi hakuwa akipumua. Mwili ulikuwa bado na joto.

Sitaki kueleza alivyolia, maana kulia kwa mwanamume mzima mbele ya watu ni kitu cha kufumbia macho. Kuluthumu alimshika bega, na hapo ndipo alipomwambia habari ya vikombe. "Tangu mpira ulipopasuka, Baba Rawda. Hajameza hata funda." Mahmudi alimtazama mkewe, akalitazama tingatinga. Angemwambia nini? Kwamba mpira aliuozesha yeye? Kwamba alimdanganya mama yake? Hilo hakumwambia siku ile, na miaka mingi ilipita kabla hajaweza.

Ikaja shughuli ya kumwosha maiti. Watu walizunguka kambi nzima na ndoo, wakarudi na ndoo zao mikononi, tupu. Mwalimu Abdulhamid alimwita Mahmudi pembeni.

"Maji hayapatikani, mwanangu. Tutamtayamamisha kwa mchanga. Dini imeruhusu, usiingie unyonge."

"Maji yapo, Mwalimu," alisema Mahmudi.

Mwalimu alifikiri ni huzuni inayosema. Mahmudi akamwonyesha rejeta kwa kidole.

Mwalimu aliisogelea, akainama kuitazama. "Ni maji safi?"

"Yana kutu. Hayanyweki, yanakwaruza koo. Na mafuta yaliyomo yanaelea juu, mimi nitayafungulia kutoka chini. Yale ya mwisho hatutayatumia."

"Kutu haiondoi utohara wa maji," Mwalimu alisema. Kisha akauliza, "Na chombo chako je? Ukiyatoa, hakiendi tena."

"Kiende wapi, Mwalimu?"

Wanawake walimzungushia Bibi Barke kanga. Mahmudi akapiga magoti mchangani chini ya tingatinga, akaifungua koki ya rejeta. Nasrudin, yule yule aliyegombana naye, alikuja bila kuitwa, akakinga debe, na lilipojaa akalibeba mwenyewe mpaka penye kanga, akarudi na jingine. Maji yalitoka ya rangi ya chai, yakiwa na uvuguvugu wa injini iliyozimwa punde. Ndani yake lilikuwamo dumu la Bibi Barke, lililomiminwa la kwanza.

Hakuruhusiwa kuona, lakini aliyasikia. Aliyasikia yakimwagika juu ya mama yake, kata baada ya kata, mengi, hakuna anayeyapima kwa kikombe. Kuluthumu akauliza kutoka ndani ya kanga, sauti imemkauka, "Baba Rawda, mai yapo bado?"

"Yapo," alisema Mahmudi, mkono uko kwenye koki. "Mmwagieni."